MGB ya 1967 iliyokula matairi ya mbele: uchambuzi wa kisa

Gari lilipofika kwangu lilikuwa na matairi ya mbele ambayo hayajatimiza miezi minne, na tayari ukingo wa ndani wa yote mawili ulikuwa kipara. Ni MGB ya 1967, gari dogo la michezo la Uingereza, la kufunguka juu, lenye rimu za spoku. Mwenyewe ni mzee mtulivu anayelihudumia gari lake kwa mikono yake: oili, plagi, hata kabureta zote mbili anazisawazisha yeye. Alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa magurudumu, peke yake ndiyo aliyowaachia wengine. Alinikabidhi karatasi mbili za mashine ya kisasa kutoka karakana moja, zimepishana majuma sita, na zote zinaonyesha kwamba magurudumu ya mbele yako ndani ya kipimo.

"Fundi," akasema, "mashine inasema gari liko sawa. Tairi linasema haliko sawa. Nimwamini nani?"

"Tairi, mzee. Lenyewe ndilo lililotembea."

Zaidi ya kula matairi, gari lilikuwa na kasoro mbili. Likienda moja kwa moja, usukani ulikaa umepinda kidogo kuelekea kulia. Na likishakata kona ya kushoto, usukani haukurudi wenyewe. Ilibidi dereva aurudishe kwa mkono, la sivyo gari liliendelea kujivuta upande ule. Kasoro hii ya mwisho mzee aliitaja kama jambo dogo tu, wakati mimi ndiyo iliyonishtua zaidi. MGB imeundwa ikiwa na kasta ya digrii 7 hivi, yaani kingpini, ile pini iliyosimama ambayo gurudumu la mbele hugeukia, imelalia nyuma kiasi cha kutosha kabisa kuurudisha usukani katikati. Usiporudi, kuna kitu kinaushika.

Nilianza na matairi, kwa kiganja, kabla ya jeki wala spana. Ukipitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka ukingo wa nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje, utasikia tofauti ikiwa tairi limekuwa likiburuzwa upande. Hapa kiganja kilikwama kila kilipotoka nje kwenda ndani, kama unaposugua samaki kinyume cha magamba, na kikateleza vizuri kiliporudi. Makali ya meno yanapotazama nje namna hiyo, tairi limekuwa likitembea huku pua yake imegeukia nje. Yangekuwa yanatazama ndani, kosa lingekuwa kinyume chake. Na lau ulaji ungekuwa wa upande mmoja lakini laini, bila makali yoyote, ningeshuku kamba, yaani tairi kuinama kichwa ndani au nje.

Tuelewane kuhusu maneno kwanza, maana kisa chote kimelala hapa. Chukua umbali kati ya matairi mawili ya mbele, upande wa mbele, kwenye usawa wa kitovu cha gurudumu. Kisha chukua umbali wa upande wa nyuma, kwa usawa uleule. Wa mbele ukiwa mdogo, matairi yanaangalia ndani. Ukiwa mkubwa, yanaangalia nje. Kwa MGB kitabu cha kiwanda kinataka yaangalie ndani kwa inchi 1/16 hadi 3/32, sawa na milimita 1.5 hadi 2.3. Sababu yake ni nzuri na rahisi kuielewa. Gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ya mbele yanasukumwa tu yabiringike. Barabara inayakokota kurudi nyuma, na kwa kuwa tairi linagusa ardhi nje kidogo ya mstari wa kingpini, mkokoto huo unaipeleka pua yake nje. Kile kidogo tulichokiingiza ndani wakati gari limesimama kinatumika gari linapotembea, na matairi yanakuwa sambamba. Hesabu hiyo inadhani kwamba viungo vyote ni vizima.

Nakiri nilianza kwa kupotea. Ulaji wa ukingo wa ndani ulinifanya nidhani springi za mbele zimechoka, gari limeshuka, na matairi yameinamisha vichwa ndani. MGB huanza na kamba chanya ya takriban digrii 1, yaani vichwa vya matairi vimeegemea nje kidogo, hivyo ingelazimu lishuke sana mpaka liharibu ukingo wa ndani. Hilo nilipaswa kulikumbuka mapema. Badala yake nilitumia nusu siku nikipima kimo pande zote mbili na kusimamisha timazi kwenye rimu. Kimo kilikuwa sawa, kamba ilikuwa sawa. Kiganja changu kilishanijibu asubuhi ile, nami sikukisikiliza.

Baada ya hapo ndipo nikafanya jambo lililofungua kisa. Nilipima matairi mara tatu. Mara ya kwanza nililisukuma gari mbele kwa mkono, likasimama lenyewe, nikapima: milimita 2 ndani, namba ileile ya kwenye karatasi za mashine. Mara ya pili nilikata kipande cha ubao, nikakibana kati ya matairi upande wa mbele kwa kabari, nikaigonga kwa upole mpaka matairi yakakataa kuachana zaidi: milimita 3 nje. Mara ya tatu niliyazungushia mkanda na kuyavuta yakaribiane: milimita 4 ndani. Gari moja, asubuhi moja, tairodi (vyuma vinavyopeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu) zilezile zisizoguswa, na namba tatu. Kutoka ya chini hadi ya juu ni milimita 7.

Nilimwita mzee aone. Nilimpa yeye futi ashike, nikamwonyesha kabari ikiingia na namba ikibadilika mikononi mwake. Mashine ya ile karakana haikusema uongo. Ilipima gari lililosimama juu ya sahani za mashine, halina mkokoto wa barabara wala breki, na ikatoa namba ya kweli ya hali ambayo gari huwa nayo likiwa limelala tu. Likitoka kwenda barabarani, nafasi yote iliyomo kwenye viungo ilikuwa inavutwa upande mmoja, na matairi yalitembea kwenye ile namba ya pili. Mafundi wale wangeweza kulipanga gari lile kila juma na karatasi ikatoka safi kila mara.

Hapo tairodi hazikuwa tena habari. Kazi ilikuwa kutafuta hizo milimita 7 zimejificha wapi.

Nililiinua gari, nikaliweka juu ya stendi, na kumwomba mzee akae kwenye usukani. Kwanza nilishika tairi kwa juu na chini nikalitikisa, huku yeye akikanyaga breki na kuachia. Breki ikikanyagwa, diski na kitovu vinashikamana, kwa hiyo ulegevu wa beringi unapotea. Ukibaki ulegevu, unatoka kwenye kingpini au mikono inayolishika gurudumu kwenye gari. Upande wa kushoto ulitulia kabisa. Upande wa kulia ulibaki, na kidole changu nilipokiweka kwenye pini ya chini ya kingpini, pale inaposhikana na mkono wa chini, nilisikia kabisa chuma kikigonga chuma. Kisha nikashika matairi kwa mbele na nyuma, mzee akitikisa usukani kidogo kidogo. Boljointi ya nje ya tairodi ya kushoto, kile kiungo cha boli ya duara mwishoni mwake, ilikuwa imekufa. Mpira wake wa kufunika ulikuwa umepasuka, grisi imegeuka tope kavu, na boli ilikuwa inapanda na kushuka ndani ya kikombe chake kabla haijavuta chochote. Boli za ndani, zilizofunikwa na mpira wa reki (ile fimbo yenye meno ambayo usukani huisukuma kushoto na kulia), nilizipapasa kwa kuuminya mpira: ziko imara.

Bushi za mikono ya chini, yaani mipira iliyo kwenye viungo vyake, zilikuwa habari nyingine. Kwa mbali zilionekana nzima. Nilipoingiza mtaimbo kati ya mkono na kiunzi na kuubinya, mkono mzima ulisogea mbele na nyuma kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na mpira ukatoka vipande vipande. Zilikuwa zimelainishwa na oili ya miaka mingi inayovuja kutoka injini. Gari likifunga breki, gurudumu zima lilirudi nyuma kidogo, na likiachia lilirudi mbele.

Likabaki lile la usukani kutorudi katikati. Nilizitoa boljointi zote mbili za nje kutoka kwenye mikono ya stelingi, ile inayoyageuza magurudumu, ili kila gurudumu lizunguke peke yake bila reki. La kulia lilizunguka kwa kidole kimoja. La kushoto nililisukuma kwa mikono miwili, nalo likasimama palepale nilipoliachia. Kingpini ya MGB ina nipeli tatu (vichwa vidogo vya kupigia grisi) kila upande, na ile ya chini ya kushoto ilikuwa imeziba kwa grisi iliyokauka ikawa kama nta. Mzee alikuwa akiipiga grisi kila alipofanya huduma, kwa uaminifu, lakini grisi ilikuwa inatokea pembeni ya bunduki ya grisi wala haiingii ndani. Nilibadilisha nipeli, nikaliacha gurudumu likining'inia juu ya stendi, nikapiga grisi mpya huku nikilizungusha, mpaka ile nyeusi ikatoka yote na nyepesi ikafuata. Ni muhimu sana kuinua gari kwa kazi hii. Uzito ukiwa juu ya tairi, nyuso zinazobeba mzigo zimebanana na grisi haipati njia ya kupita. Baada ya dakika kumi gurudumu la kushoto nalo likazunguka kwa kidole. Nilikuwa na bahati: kingpini yenyewe haikuwa imechimbika.

Kabla sijafunga chochote nilipima uzi unaoonekana nyuma ya lokinati, yaani nati ya kufungia, ya kila tairodi. Kulia milimita 9, kushoto milimita 15. Hapa ndipo ulipotoka usukani uliopinda, na hapa nina neno na tabia moja iliyoenea sana. Usukani ukikaa upande, njia ya haraka ni kurefusha tairodi moja na kufupisha nyingine mpaka unyooke. Mtu aliyefanya hivyo kwenye gari hili alifanya miaka mingi iliyopita, na aliyemfuata akafanya kinyume, na matokeo yake reki haikuwa katikati gari likienda moja kwa moja. Kitabu cha MGB kinasisitiza tairodi ziwe na urefu sawa kabisa, na msisitizo huo una maana. Tairodi na mikono ya chini zimepangwa ili gurudumu likipanda na kushuka, ncha zake zifuate duara zinazokaribiana. Ukiisogeza reki pembeni, duara hizo zinaachana, na kila shimo barabarani linaligeuza gurudumu kidogo bila dereva kugusa kitu. Zaidi ya hapo, gari linakata kona vizuri upande mmoja na vibaya upande wa pili.

Kwa matengenezo sitakaa sana. Boljointi za nje zilibadilishwa zote mbili, maana ile ya kulia ilikuwa na umri uleule. Pini ya chini ya kingpini ya kulia ilipata bushi na washa mpya. Kwa mikono ya chini mzee alichagua bushi za aina ya MGB GT V8, lile toleo lililotengenezwa kati ya 1973 na 1976, ambazo mpira wake umegandishwa kwenye chuma na zinaingia bila kubadilisha kitu kingine. Angalizo moja tu kuhusu bushi hizo: nati zake hazikazwi gari likiwa limeinuliwa. Nilizifunga kwa mkono, nikalishusha gari, nikalitikisa, na kukaza likiwa limesimama kwa miguu yake. Ukikaza magurudumu yakining'inia, mpira unakuwa umepindwa kila siku gari linapokuwa chini, na hautadumu.

Sasa tu ndipo nilipofika kwenye alaimenti.

Niliitafuta katikati ya reki kwanza: usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha nikahesabu mizunguko mpaka mwisho wa kulia, nikarudi nusu yake na kuweka alama ya chaki. Tairodi nikazipanga zote mbili zionyeshe uzi wa milimita 12.

Usawa wa sakafu nilihakiki kwa bomba la mpira mwangavu lililojazwa maji, gurudumu kwa gurudumu. Upepo nikaujaza kulingana na kitabu. Rimu za spoku hazizunguki kwa unyoofu kamili hata zikiwa nzuri, kwa hiyo kupima kwenye rimu ni kupima mapindo ya rimu. Nililiinua kila tairi la mbele, nikalipaka chaki katikati ya meno, nikasimamisha kipande cha ubao chenye msumari sakafuni na kulizungusha tairi huku msumari ukilichora. Likabaki na mstari mmoja mwembamba ulionyooka kuliko rimu yenyewe. Nikalishusha gari, nikalibonyeza mara kadhaa, nikalisukuma mbele mita kadhaa ili matairi yakae. Kulisukuma nyuma kabla ya kupima kunaharibu kila kitu, kwa kuwa viungo vinalegea upande usio wao.

Kipimo changu ni mabomba mawili, moja likiingia ndani ya lingine, yenye ncha zilizosimama mpaka usawa wa kitovu cha gurudumu. Niliweka alama mbili ndogo juu ya mistari kwa mbele, nikapima. Kisha nikalisukuma gari mbele taratibu mpaka alama zilezile zikafika nyuma, nusu mzunguko wa tairi, nikapima tena. Kwa njia hiyo unapima nukta zilezile mara mbili, na mapindo ya tairi au rimu yanajifuta. Jibu: milimita 4 nje. Sikushangaa, kwa sababu boljointi mpya nilizifunga kwa kukisia.

Reki ya MGB iko mbele ya mstari wa magurudumu, na mikono ya stelingi inatazama mbele. Hivyo kurefusha tairodi kunasukuma pua za matairi nje, na kufupisha kunaziingiza ndani. Kwenye gari lenye reki au tairodi nyuma ya magurudumu ni kinyume, na hapo ndipo watu wengi huzungusha upande usiofaa na kudhani kipimo chao kimeharibika. Tairodi zote mbili za gari hili zina uzi wa kulia: ukitazama kutoka katikati ya gari kuelekea tairi, kuzungusha kwa mwendo wa saa kunazifupisha. Nililegeza lokinati, nikalegeza pia klipu za mpira wa reki upande wa tairodi. Hizi klipu husahauliwa. Mpira unajisokota pamoja na tairodi, unapasuka, na baada ya miezi michache reki inakula vumbi.

Nusu mzunguko kila upande, sawa kwa sawa. Nikalisukuma gari, nikapima: milimita 1 ndani. Sehemu ya nane ya mzunguko tena, kila upande: milimita 2 ndani. Nikakaza lokinati huku nikiishika tairodi kwa spana ya pili na kuhakikisha kila boljointi imekaa katikati ya mwendo wake, haijalalia upande. Nikapima upya baada ya kukaza, na namba ilikuwa imeruka hadi milimita 3, kwa sababu upande wa kushoto spana yangu iliteleza. Nikarudia. Milimita 2, uzi milimita 11 na nusu kulia na vivyo hivyo kushoto.

Kisha ubao na kabari. Nilibana pua za matairi ziachane kama nilivyofanya mwanzoni: milimita 1.5 ndani. Nikavuta kwa mkanda: milimita 2.5 ndani. Kutoka milimita 7 za ulegevu tulibaki na 1, na hiyo nadhani ni mpira wa tairi wenyewe ukibonyea.

Barabarani usukani ulibaki umepinda, safari hii kuelekea kushoto. Mzee alinitazama kwa wasiwasi. Lakini sasa nilijua reki iko katikati, kwa hiyo usukani wenyewe ndio uliokuwa umefungwa vibaya, labda na yuleyule aliyeanza kuchezea tairodi. Niliung'oa kwenye meno ya mhimili wake, nikausogeza mpaka ukanyooka, nikaufunga. Kwenye kona ya kushoto mzee aliondoa mikono inchi moja tu juu ya usukani, nao ukarudi wenyewe katikati. Alirudia kona ileile mara tatu.

Matairi ya zamani hayakufaa kuendelea nayo. Yakishakuwa na makali namna ile yanalivuta gari hata alaimenti ikiwa nzuri. Aliweka mapya mawili, nikapima tena baada ya kuyaweka, milimita 2. Baada ya miezi mitatu alirudi kwa huduma ya kawaida. Nilipitisha kiganja kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje, tairi la kushoto na la kulia, na sikusikia tofauti yoyote. Ndani ya boneti, kwenye kadi iliyofunikwa kwa plastiki, nilimwandikia namba zake tatu, ile ya gari likiwa limetulia, ya kabari na ya mkanda, pamoja na tarehe, ili fundi yeyote atakayelishika baadaye azipime zote tatu kabla ya kugusa tairodi.